Vifaa vya baiskeli: hela yako ianze kwenye tairi na kichwani

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo mezani nimepanga vifaa vya baiskeli, vya anayekwenda nayo kazini kila siku na vya anayejiandaa na mashindano. Swali ninaloletewa sana ni hili: "Kaka, nina hela kidogo, nianze na nini?" Jibu langu ni lilelile. Anza na matairi na helmeti. Miwani, jezi na fremu ya kaboni vitakuja baadaye.

Tuanze na tairi, na hapa nitakaa kidogo. Nasogeza kamera, angalieni ubavuni. Hili limeandikwa 700 kwa 32: 700 ni saizi ya gurudumu, na 32 ni upana wa tairi kwa milimita. Hili jingine ni 700 kwa 23, ndilo linalokuja na baiskeli nyingi za mashindano za mitumba. Wengi bado wanaamini kwamba tairi jembamba ndilo lenye kasi. Mliotazama mashindano ya dunia Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, mlikiona kile kilima cha Kimihurura kilichotandikwa mawe. Waendeshaji wa kiwango hicho wameshaachana na 23. Siku hizi 28 na 30 ndizo za kawaida kwao. Tairi pana unalijaza upepo wa wastani, halikurushirushi, na nguvu ya mguu inakwenda mbele badala ya kupotea kwenye mtikisiko.

Sasa wewe unayepita pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, kwenye mchanga na vipande vya chupa, 23 ya nini? Kama fremu na breki zinaruhusu, weka 32. Kama njia yako ni ya vumbi, tafuta 38 au 40. Ila kabla ya kununua, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu. Ibaki angalau milimita 4 kila upande, la sivyo tope kidogo tu na gurudumu linakwama.

Na ile namba ya juu ya PSI, yaani kipimo cha shinikizo la upepo, iliyoandikwa ubavuni ni kikomo. Watu wanaijaza mpaka hapo halafu wanalalamika mgongo unauma. Mwenye kilo 70 kwenye tairi la 32 aanze na PSI 60 hivi, kisha apunguze au aongeze kidogo kidogo mpaka aone baiskeli imetulia.

Pancha. Wa Dodoma na Singida mbigili mnaifahamu vizuri: ikianguka vyovyote, ncha moja inabaki inatazama juu. Mijini adui ni nyaya za matairi ya malori yaliyopasuka, nyembamba kama unywele. Waya kama huo unatoboa tyubu, unabaki ndani ya mpira, na tyubu mpya inatoboka kabla hujafika nyumbani. Kisha fundi analaumiwa bure! Fanyeni hivi: toa tyubu, chukua kitambaa, kipitishe taratibu ndani ya tairi zima. Mnaona? Kimenasa hapa. Sasa naukunja mpira kwa nje, ncha inachomoza, naivuta kwa koleo ndogo. Ndiyo hii, hata kwenye kamera inaonekana kwa shida. Kwa mtu wa kila siku nashauri tairi lenye ukanda wa kinga chini ya mpira wa juu. Ni zito zaidi, lakini utafika kazini kwa wakati. Mwanamashindano afanye nalo mazoezi, lile jepesi aliweke kwa siku ya mbio.

Angalia pia mdomo wa tyubu. Huu mnene ni sawa na wa gari, unajaza upepo hata kituo cha mafuta. Huu mwembamba unaitwa Presta. Usipolegeza hiki kinati cha juu, upepo hauingii. Tembea na hiki kiunganishi kidogo cha shaba, ni cha bei ndogo, na pampu ya fundi yeyote itakukubali.

Helmeti. Mwaka 2003 Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka kwenye mbio za Paris-Nice bila helmeti, akafariki. Mwaka huohuo UCI, shirikisho la baiskeli duniani, likaifanya kuwa lazima. Unapochagua, chungulia ndani utafute lebo: EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Isiyo na lebo yoyote, irudishe. Ya mtumba siipendekezi kabisa, na ninalisema hili kwa uzito. Hili povu linaokoa kichwa kwa kubonyea, na likishabonyea mara moja halirudi, hata kama juu panang'aa. Huwezi kujua iliangukaje huko ilikotoka.

Ivae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio. Dada zangu mnaovaa hijabu au mnaosuka, ijaribuni dukani mkiwa mmevaa au mmesuka hivyohivyo, maana saizi inabadilika.

Taa: kwetu jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ndio muda wa kutoka kazini. Ukiweza kununua moja tu, nunua nyekundu ya nyuma. Kufuli: achana na la waya, linakatwa kwa koleo. Chukua la chuma la umbo la U, lishike fremu pamoja na gurudumu la nyuma.

Kaptura yenye pedi inavaliwa bila chupi ndani, kwa sababu mishono ndiyo inayochubua. Na kiti kilaini sana hakisaidii safari ndefu. Kinachosaidia ni upana unaolingana na mifupa yako ya kukalia.

Cheni tunapima kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Ikiangukia inchi 12 kamili, nzima. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ukingoja ifike 1/8, giya za nyuma nazo zimeshalika, na hapo gharama ni nyingine. Usiweke oili chafu ya gari. Inabeba chembe za chuma na kukusanya vumbi. Weka tone moja kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa yote ya nje.

Viatu vya kunasa kwenye pedali vinahitaji video yake. Kwa sasa, nendeni mkaangalie ubavu wa tairi lenu, mniandikie hapo chini zile namba mbili na nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, nami nitawajibu tairi lipi pana zaidi linaweza kuingia.