Kituo cha MRI Arusha kilichorudia picha ya mzee wangu kabla hajashuka kitandani

Naandika hii kwa yeyote mwenye mzazi anaetakiwa kupiga MRI ya kichwa hapa Arusha, manake mi nimepita sehemu mbili na tofauti niliyoiona ni kubwa aisee. Majina siweki ila nitaeleza walichofanya, ukifika popote utajua pa kuangalia.

Mzee wangu ana miaka 71. Alianza kutembea ka miguu imegandia sakafuni, hatua fupi fupi, afu akawa anasahau, afu mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Daktari akasema hivyo vitatu vikija pamoja anahofia maji yamejaa kwenye vile vyumba vya ndani ya ubongo, kapigeni MRI vipimwe upana. Kipimo chenyewe kinaitwa Evans index, kipo tangu 1942, unachukua upana wa pembe za mbele za hivyo vyumba unagawanya kwa upana wa ndani wa fuvu, ikizidi 0.3 vimetanuka. Hesabu ndogo tu hiyo, lakini inategemea picha.

Sehemu ya kwanza walikuwa na haraka. Mzee akaingizwa, mle ndani baridi na mashine inagonga ka mtu anapigilia bati, akawa anajisogeza sogeza, hakuna aliemwambia kitu. Tukapewa CD na ripoti: milimita 38 kwa 130, yani 0.29, kawaida. Tukashukuru Mungu tukapanda zetu kifodi. Daktari alivyofungua ile CD akakaa kimya kidogo, akanionesha mistari mistari imepita juu ya ubongo na kingo zimefifia ka picha ya simu mkono ukitetemeka, afu na kichwa kilikaa upande kwahiyo vipande vya picha vimekatwa mshazari. Akasema hapa sipimi, milimita 3 tu zikiongezeka kwenye hiyo 38 tayari umevuka 0.3. Iliniuma sana, hela imeenda na mzee ilibidi apite yale mateso tena.

Hawa wa pili ndo nawapa nyota zote. Dada wa mashine kaanza na shikamoo baba, kamkalisha, kamweleza itapiga kelele namna gani na dakika ngapi kila mzunguko, kauliza meno ya bandia, ana chuma popote mwilini, aliwahi fanyiwa upasuaji. (Kinamama, pini za nywele na za mtandio zote zinatoka, na rasta zilizofungwa na waya mwambie mapema.) Akamwekea sponji pande mbili za kichwa, mto chini ya magoti, blanketi, na kile kipira cha kubonyeza akizidiwa. Mi nilikuwa nachungulia kwenye kioo. Kila mzunguko ukiisha anafungua picha anazipitia moja moja, wa tatu akakuta mzee kasogea, akamsemesha kwenye spika "baba vumilia kidogo tunarudia hii moja tu, usimeze mate kwa nguvu" na akarudia palepale. MRI haina mionzi ka X-ray so kurudia hakumuongezei mzee dozi yoyote, ni muda tu. Kwangu mi hapo ndo penye tofauti ya kituo kizuri na kibovu. Watu wanaulizana mashine ni tesla ngapi (yani nguvu ya sumaku yake), hata iwe 3, kichwa kikicheza picha imeharibika.

Nilimuuliza na lile dude la plastiki la duara pembeni. Akasema ni fantomu, ndani lina maji maalum na vipimo vyake vinajulikana, upana milimita 190 na urefu 148, wanalipiga picha afu wanapima kwenye skrini, zikija namba tofauti sana mashine imeanza kupotosha na fundi anaitwa kabla mgonjwa hajaingia. Manake ka mashine inavuta 190 iwe kubwa, na ubongo wa baba ako itauvuta hivyohivyo.

Majibu: 44 kwa 131, karibu 0.34. Daktari alikubali kuifanyia kazi siku ileile.

Kasoro zipo. Ripoti ilichukua siku mbili, umeme ulikatika tukasubiri zaidi ya saa mpaka mashine ikae sawa, benchi la kusubiria ni gumu kwa mzee na mapokezi wanaita jina kwa sauti ndogo, tulipitwa mara moja. Nendeni asubuhi, na mzee mvalisheni soksi nzito.

Tumerudi juzi kwa kipimo cha marudio na yule dada kafungua picha za mwanzo kwanza, akapanga vipande kwa pembe ileile ya siku ile ndo akaanza, ili daktari alinganishe kitu na kitu. CD zote mbili za hapo, ya mwanzo na ya marudio, ninazo kwenye bahasha moja, tunazipeleka jumatatu.