Uzoefu wangu: kumpeleka mdogo wangu mwenye ulemavu wa akili kituo cha afya hapa Mtwara

Mdogo wangu ana miaka 26, ana Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji), tunakaa Mikindani. Kituo sikitaji maana sina ugomvi na mtu, naandika tu kwa sababu nimeona sura zake mbili na najua kuna ndugu wengi wanahangaika kama nilivyohangaika mimi.

Mwaka jana kabla msimu wa korosho haujaanza alibadilika ghafla. Unamwita haitiki, ukimgusa anashtuka anakuja juu, dukani alikokuwa anatumwa kila siku akawa hataki tena kwenda. Mama akasema kawa mkaidi, mi nikasema hapana twende tukapimwe. Tulifika saa 1 asubuhi, saa 5 bado tupo kwenye benchi, watoto wanalia, namba zinaitwa kwa kupiga kelele, mwenzangu kaziba masikio kwa mikono miwili anataka nyumbani, afu kuna mama pembeni ananiambia "mtulize basi mtu wako" kama vile mi napenda. Kuingia kwa dokta hata macho hakumwinulia, kaniuliza mimi "anaumwa nini huyu?", nikaeleza yote, akasema "ndo walivyo hawa, akikua inakuwa hivo", akaandika vitamini. Dakika 3 haikufika.

Nilitoka pale nimenyong'onyea kwakweli. Vitamini kwa mtu ambaye haitiki akiitwa?

Mwaka huu nikarudi palepale maana ndo karibu, nikakuta mambo yamebadilika kidogo. Mapokezi kuna nesi mpya, kaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa popote: "Huyu kaka anapenda nini, na nini kinamtisha?" Nikamwambia anaogopa kelele na kushikwa ghafla, anapenda ming'oko. Akacheka, akasema basi msije asubuhi, njooni Jumatano mchana watu wakishapungua. Jumatano hiyo hatukukaa hata nusu saa. Kile kitambaa cha kupimia presha alianza kukifunga kwenye mkono wake mwenyewe, akampa mdogo wangu kile kipira aminye, akaminya weee mpaka nesi anasema "basi baba mkono utakatika". Zamu yake ilipofika akanyoosha mkono mwenyewe, mi nimekaa tu naangalia.

Dokta wa safari hii (sio yule) akaongea na yeye kwanza ndo akanigeukia mimi, akamulika masikio. Nta! Imejaa masikio yote mawili, imekauka. Akatuelekeza tuweke matone nyumbani siku kadhaa, tuliporudi wakamsafisha kwa maji ya uvuguvugu, kikatoka kipande kama mbegu ya ubuyu, nikataka kulia. Kumbe wenye Down syndrome wengi matundu ya masikio yao ni membamba so nta inaziba kirahisi, na tezi ya shingo nayo inawasumbua zaidi kuliko sisi, inatakiwa ipimwe damu. Tulivotoka nje bajaji ikapiga honi akaruka, afu akaanza kucheka mwenyewe. Mwaka mzima tumemwita mkaidi jamani.

Sasa yanayonikera. Dirisha la dawa wanaandika 1x3 kwenye bahasha basi, yeye hasomi lakini dawa anaweza kunywa mwenyewe ukimchorea, mi nimemchorea jua linachomoza, jua la mchana na mwezi, hakosei hata mara moja, sa ni kazi gani hiyo kwa mtu mwenye kalamu mkononi? Dirisha la wazee lipo, tukienda pale tunaambiwa huyu sio mzee. Kipimo cha tezi hawana, tumeandikiwa twende hospitali kubwa, huko tutaanza upya kujieleza.

Halafu kubwa zaidi, yule nesi alivyoenda likizo tukarudi kulekule, benchi, kelele, "anaumwa nini huyu". Kumbe kilichobadilika ni mtu mmoja tu, utaratibu ni uleule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010 lakini mi sikuiona kwenye benchi siku ile. Wenzetu Uingereza mwenye ulemavu wa akili akifika miaka 14 anaweza kupimwa mwili mzima kila mwaka hata kama haumwi, na wengi wanakuwa na karatasi yao ya kwenda nayo hospitali inaeleza anaongeaje na anaogopa nini, anayeipokea hata kama ni mgeni anajua aanzie wapi. Hiyo karatasi haihitaji mfadhili. Yangu nimeitengeneza kwa ukurasa wa daftari, nimeandika: ongea naye kwanza, mwonyeshe kifaa kabla hujamgusa, akiziba masikio subiri, akisema "tayari" endelea. Nimetoa kopi nikawaomba waibane kwenye faili lake, wakaibana.

Nyota 3 kati ya 5. Zote 3 za yule nesi na dokta wa masikio. Ya 4 nitaitoa siku tutakayohudumiwa na mtu mwingine kabisa nikaona kafungua faili, kasoma ile karatasi, afu ndo kamsalimia mdogo wangu.