Vifaa vya kuchorea wanyama wa Kusini: kipi ununue kwanza

Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, anza na kalamu ya wino. Yule kaa dume wa matopeni kule Mikindani, kusini mwa Tanzania, mwenye gando moja kubwa kupita kiasi, huchorwa kwa mistari: kingo za gamba, vifundo vya miguu, macho yaliyosimama juu ya vijiti. Mistari ikikaa sawa, utamtambua hata bila rangi.

Ila wino si wino tu. Kalamu yangu ya kwanza niliichukua stesheneri bila kuijaribu. Nikamchora kaa saa nzima, nikapitisha brashi yenye maji, kaa akayeyuka akawa doa la zambarau. Iliniuma sana. Siku hizi naenda dukani na kipande cha karatasi: nachora mstari, nasubiri dakika chache, napitisha kidole kilicholowa. Wino ukichuruzika, siinunui. Ncha ya milimita 0.3 inatosha kazi nyingi, ya 0.1 ni ya manyoya na magamba madogo.

Nafasi ya pili nazipa penseli za rangi. Komba wa Rondo, anayeishi kwenye misitu michache ya pwani ukiwemo wa Rondo mkoani Lindi, ana gramu 60 hivi na mkia uliotimka kama brashi ya kusafishia chupa. Manyoya ya namna hiyo hujengwa tabaka juu ya tabaka, ukianza na rangi nyepesi. Penseli 12 laini, zenye kahawia mbili au tatu, ni bora kuliko 48 ngumu zinazokwaruza karatasi. Tazama pia kitako cha penseli: risasi, yaani uti wa rangi wa ndani, ikiwa imekaa upande, itakukatikia kila ukichonga.

Rangi za maji ni za tatu, ingawa kwa kasa wa Ghuba ya Mnazi, akiogelea kwenye maji yale ya kijani, mimi situmii kingine. Kinachozishusha ni gharama ya karatasi. Zinataka karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya daftari hujikunja papo hapo. Chukua za vidonge, maana hubebeka hadi ufukweni, na brashi moja ya duara namba 6 ambayo nywele zake hujikusanya kuwa ncha zikilowa. Na kwa unyevu wa pwani yetu, usifunge kisanduku kabla hakijakauka. Vidonge huota ukungu.