Hedifoni za kufunika masikio: kelele zinazuia nusu, watu zinazuia wote

Nimekaa nazo kama miezi minne hivi, naona sasa naweza kusema kitu. Sauti safi, besi haijazidi, chaji inakaa, ila ukivaa na miwani baada ya saa 2 masikio yanauma. Kuzuia kelele ziko vizuri kwa injini na feni, yaani mngurumo ule usiobadilika, lakini mtu akiongea pembeni yako maneno unayapata mengi tu, usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi.

Kazi yake kubwa ndo haijaandikwa hapo. Ukizivaa watu wanakuacha. Sheria hiyo hakuna aliyetufundisha ila kila mtu anaifuata, siku moja chaji iliniishia kwenye basi nikabaki nimezivaa hivohivo safari nzima, hamna muziki hamna nini, na jamaa mmoja aliyekuwa anamsemesha kila mtu akaniruka mimi akaenda kwa wa nyuma yangu 😂. Mwanasosholojia Erving Goffman alishayaandika haya 1963, kwamba watu wasiojuana wakikutana wanatupiana jicho dogo kisha wanalitoa, kuonyeshana nimekuona na sina neno na wewe, na wengine wanajikinga nyuma ya gazeti. Gazeti letu sisi tunalivaa kichwani.

Sasa kasoro. Kuna kitufe cha kuruhusu sauti za nje ziingie na kinafanya kazi, nasikia mpaka funguo mfukoni mwa mtu. Shida ni kwamba anayekuja kuongea na wewe hajui kama unamsikia, anaona masikio yamezibwa basi anapaza sauti na kurusha mikono kama anaongoza ndege. Kaunta ndo balaa, mhudumu nilimjibu vizuri tu zikiwa kichwani, akanuna. Nikajaribu kuinua upande mmoja, kumbe hiyo nayo inasomeka kama "fanya haraka". Mpaka uzishushe zote shingoni ndo sura ya mtu inafunguka, kwahiyo hicho kitufe nimeachana nacho.

Alafu zinakufanya mwoga. Mtu akifungulia video kwa sauti kwenye basi wote tunaangaliana tu, mimi naongeza volyumu yangu yanaisha. Siku zimezima ikabidi nimwombe apunguze, na asikwambie mtu, maneno yalinikwama kooni. Mwanasaikolojia Stanley Milgram miaka ya 1970 alituma wanafunzi kwenye treni za chini ya ardhi New York wakaombe abiria wawapishe siti bila kutoa sababu, zaidi ya nusu ya walioombwa walisimama, ila yeye mwenyewe alipojaribu sauti ikagoma kutoka. Jamaa wangu wa video alipunguza fasta na samahani juu.

Nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu ya zipu ya kifuko, imeng'oka wiki ya pili.