Safari hii kuna mtu alinifuatilia

Mimi nashona nguo huku Umoja. Januari mwaka jana, ule msimu wa yunifomu ambao kawaida hata silali, nilikaa mbele ya cherehani nikashindwa kutia uzi kwa sindano, si eti macho ni mabaya, akili tu ilikataa kutulia, nikajaribu mara nne mara tano halafu nikalaza kichwa kwa meza nikalia na wateja wako hapo mlangoni.

Nilienda hospitali moja, sitaitaja. Daktari akanisikiliza dakika chache, akasema ni mfadhaiko (depression), akaniandikia dawa yake, fluoksetini, akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Basi. Hakuna aliyeniambia hizo dawa zinaweza kuchukua wiki kadhaa ndio uanze kuskia tofauti, mimi nilichoskia ni kichefuchefu tu, siku ya tisa nikaziacha. Na hakuna mtu alijua nimeziacha! Hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa hii kliniki ya mtaani niliyoenda baadaye, hapa una nesi wako mmoja. Siku ya kwanza alinisomea maswali tisa ya PHQ-9, ile fomu ya kupima mfadhaiko, kila moja ni 0 mpaka 3, juu kabisa ni 27 na ukiwa juu ndio uko vibaya, mimi nikapata 19. Lile la mwisho linauliza kama umekuwa ukiwaza ni afadhali ufe. Kabla aliulize aliweka kalamu chini, akaniangalia, akasema, "Mama, hili nijibu tu vile liko, mimi siogopi." Nikasema ukweli, na hakunihubiria, tukakaa tukapanga nikizidiwa nampigia nani, mchana na usiku.

Halafu kuna simu. Kila Ijumaa: dawa unakunywa? tumbo je? na lile jambo dogo tulipanga, ulifanya? Langu lilikuwa kufungua duka saa tatu hata kama sitashona chochote. Wiki ya nne tukarudia maswali, 17. Nilivunjika moyo kabisa, nikajua mimi sitapona. Kumbe kila wiki nesi hukaa na daktari wa magonjwa ya akili wanapitia majina ya wale hawajapata nafuu, na langu lilikuwa hapo, dozi ikapandishwa kutoka miligramu 20 hadi 40 bila mimi kupanda matatu mbili kutafuta spesholisti. Baadaye nikashuka 9, juzi 4.

Nesi aliniambia mtindo huu ulijaribiwa Marekani kwa wazee 1,801, matokeo yakatoka 2002: baada ya mwaka mmoja, karibu 45 kwa kila 100 waliofuatiliwa hivi dalili zao zilipungua nusu au zaidi, wale wa matibabu ya kawaida ni 19 tu, na hao pia dawa wangeweza kupata. Niliposkia hivyo nikakumbuka zile siku zangu tisa.

Shida zipo. Chumba kimegawanywa na pazia, mama anayengoja chanjo ya mtoto anaskia kila kitu unasema, tafadhali wekeni mlango. Na nesi alipoenda likizo wiki mbili hakuna aliyenipigia. Mimi wakati huo nilikuwa 9, lakini mtu wa 19 je? Lazima kuwe na mtu wa kushika hiyo orodha nesi akiwa hayuko.

Ukienda kutibiwa popote, kabla utoke na dawa uliza ni nani atakupigia na siku gani. Na zikikusumbua usiziache kimyakimya kama mimi, rudi uwaambie.