Vogelsberg bila gari: maoni yangu kuhusu treni, basi la baiskeli na njia ya reli ya zamani

Vogelsberg, eneo la milima katika jimbo la Hessen, Ujerumani, huzungukika vizuri bila gari, mradi uende Jumamosi. Mabasi ya Vulkan-Express, yanayobeba baiskeli bure hadi kilele cha Hoherodskopf (mita 764), hutembea wikendi na sikukuu tu, kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Oktoba. Jumapili nayo maduka mengi ya vyakula hufungwa, na huku juu vijiji viko mbalimbali. Jumamosi unapata vyote viwili.

Usitegemee kuona kilele kimoja chenye kreta. Volkano nyingi zilimwaga lava hapa zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita, tabaka juu ya tabaka, na leo basalti yake, yaani mwamba wa lava iliyopoa, imetanda kama kilomita za mraba 2,500. Mmomonyoko umeilainisha, ndiyo maana milima inapanda polepole.

Kinachonivutia zaidi ni Vulkanradweg, njia ya baiskeli yenye lami iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Treni hazikuweza kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo hata asiye na mazoezi makubwa anaimudu. Anzia mji wa Lauterbach, si Stockheim iliyo upande wa pili wa njia. Lauterbach iko juu zaidi, hivyo kupanda hadi kijiji cha Hartmannshain, penye mita zaidi ya 570, ni kufupi. Baada ya hapo ni mteremko mrefu. Kagua breki kabla ya kushuka na ubebe koti la upepo, maana juu ni wazi na baridi hata kiangazi.

Kutoka Stockheim, treni ya RB34 inakurudisha Frankfurt. Ndani ya mtandao wa RMV, yaani usafiri wa umma wa eneo la Frankfurt, baiskeli hailipiwi, lakini nafasi haina uhakika: viti vya magurudumu na vigari vya watoto hutangulia, na jioni za jua behewa hujaa. Mkiwa kundi, acheni muda wa kusubiri treni inayofuata. Ukibaki na saa mbili, pitia jumba la makumbusho la Glauberg, ukaone sanamu ya mawe ya mtawala wa Kikelti (Wakelti ni watu wa Ulaya ya kale) iliyofukuliwa mwaka 1996.

Mji wa Alsfeld upe siku yake. Unafikika kwa treni ya RB45 kutoka Fulda au Gießen, na kutoka stesheni hadi uwanja wa soko unatembea kwa miguu. Jengo la baraza la mji, la 1512–1516, lina ghorofa ya chini ya mawe na za juu za mbao zenye minara miwili iliyochongoka. Kwangu halina mpinzani mkoa mzima. Vaa viatu visivyoteleza, kwani mawe ya barabarani yakilowa ni hatari.

Kuhusu nauli: Deutschlandticket, tiketi ya treni na mabasi ya kawaida Ujerumani nzima, ni usajili wa kila mwezi. Usipoufuta kufikia tarehe 10, utakatwa pesa za mwezi unaofuata, na tiketi hiyo haikubaliki kwenye ICE, treni za mwendo kasi. Watu hadi watano wanaosafiri pamoja siku moja watanufaika zaidi na Hessenticket, tiketi ya kundi ya siku moja ndani ya Hessen.