XL4015: konveta ya kuchajia betri, mradi ina skrubu mbili

Ukiingia duka la vipuri hapa Mombasa ukaulizia konveta ya kuchajia betri, yaani kibao kidogo cha kubadilisha volti, huenda ukapewa LM2596 yenye skrubu moja. Irudishe. Skrubu hiyo hupanga volti peke yake. Betri iliyokwisha ikiungwa hapo hunyonya umeme kwa pupa, na kibao kilichoandikwa ampea 3 huanza kunuka. Chukua XL4015 yenye skrubu mbili: ya volti na ya ampea. Ukikuta ya tatu, hiyo ni ya taa ya kuonyesha chaji inakaribia kujaa. Haikati chochote.

XL4015 hushusha volti, haipandishi. Chaja kuukuu ya laptopu, volti 19, inaifaa sana. Kuchaji betri ya volti 12 kwa umeme wa betri ya tuktuk, ambayo nayo ni ya volti 12, sahau.

Tuseme betri ni ya asidi, volti 12, saa-ampea 7. Kabla ya kuiunga, weka mita kwenye waya za kutokea na uzungushe skrubu ya volti hadi 14.4. Mizunguko kumi bila badiliko si ubovu, skrubu hizi ndivyo zilivyo. Kisha legeza ya ampea kabisa, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, gusisha chanya na hasi za kutokea kupitia mita, na upandishe polepole hadi 0.7, yaani sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Waya wa mita urudi tundu la volti kabla hujagusa betri. Wengi huunguza fyuzi ya mita hapo.

Betri ya kukaa kwenye chaji usiku kucha, siku zote, ipangie 13.5. Zile 13.8 za vitabuni ni za nyuzi 25, na joto letu mwalijua.

Kasoro zipo. Ukigeuza chanya na hasi, kibao kimekufa. Stima ikipotea, betri hujimwaga kurudi kwenye kibao: tia dayodi 1N5822, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya chanya. Inakula kama volti 0.4, kwa hiyo pima upya kwenye vichwa vya betri chaji ikikaribia kujaa. Fyuzi ya ampea 2 ikae karibu na betri.

Zile ampea 5 za tangazo zihesabu 3, ila ukibandika bati la kupoza. Na kwa chumvi ya hewa ya bahari, paka vanishi upande wa lehemu, isifike kwenye skrubu.